Ng'ombe wa Tarime Anahitaji Msomi Wake

Tangu mwaka 1966, George Schaller alipoanza kuwafuatilia simba wa Serengeti, watafiti waliopokea kijiti chake hawajaacha kuandika: nani kamzaa nani, jike gani limebaki na mama yake, dume gani limefukuzwa na likahamia wapi. Simba wale wana koo zinazojulikana kizazi baada ya kizazi. Sasa toka nje ya mpaka wa hifadhi, nenda vijiji vya Nata, Issenye au Robanda, umtazame ng'ombe anayerudi zizini jioni. Huyo ndiye analipa ada ya shule, analima shamba, anatolewa mahari, anachinjwa msibani. Daftarini hayumo.

Mimi ni afisa mifugo wa kata. Nilizaliwa Tarime, nikaanza kazi Tarime, baadaye nikahamishiwa wilaya ya Serengeti, na miaka yote hiyo nimekuwa nikiwasindikiza wanafunzi wa vyuo vikuu wanaokuja kupima ng'ombe wetu. Wengi huja kwa ajili ya shahada ya uzamili, wakakaa wiki kadhaa na kuondoka. Wa uzamivu ni wachache, na waliozaliwa hapahapa ni wachache zaidi. Vijana wetu waliomaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama hunifuata kuniuliza waombe kazi wapi. Huwa nawakalisha kwanza tuzungumze habari za ng'ombe wa nyama, kwa sababu naamini maswali ya kuwatosha watu kumi kupata udaktari wa falsafa yamelala kwenye mazizi ya wilaya hizi mbili, na hayajaulizwa sawasawa.

Wataalamu humweka ng'ombe wetu katika kundi kubwa la zebu wa pembe fupi wa Tanzania. Ndani ya kundi hilo kuna aina za mahali: mwekundu wa Iringa, mweupe wa Singida, wa Ugogo, wa Mbulu, wa Umasaini, wa Usukumani, na huyu wetu wa Tarime. Ni mdogo wa umbo. Jike mzima kwa kawaida ana kilo kati ya 200 na 250, na mtu aliyezoea kuona Boran wa ranchi atamwona kama ndama. Lakini katika ng'ombe zaidi ya milioni 30 walioko Tanzania, zaidi ya tisini katika kila mia ni wa asili. Nyama inayoning'inia buchani Tarime mjini, Mugumu, Mwanza au Dar es Salaam, sehemu kubwa imetoka kwa hawa wadogo. Anayetaka nchi ipate nyama zaidi bila kuongeza mifugo kwenye malisho yaliyokwisha kubanwa, hana njia ya kuwakwepa.

Jiografia yetu nayo ni hazina kwa mtafiti. Tarime ni milima, mvua ya kutosha, migomba, kahawa na mahindi, mashamba yamebanana kiasi kwamba ng'ombe wengine wanalishwa kwa kamba kando ya njia. Ukishuka Serengeti nchi inafunguka, inakauka, nyasi ni nyingi msimu mmoja na hakuna msimu mwingine, na karibu na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti kuna ndorobo. Aina ileile ya ng'ombe inaishi pande zote mbili, kwa sababu ndugu hupeana mifugo na mahari huvuka milima. Basi mtu anaweza kuuliza: dume ambaye watoto wake wanakua haraka Nyamwaga, je, watoto wake wakipelekwa Nata watakua haraka vilevile? Au kule atashinda dume mwingine kabisa? Swali hilo peke yake, likipimwa kwa makini, ni tasnifu nzima.

Nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana wengi wakisikia vinasaba wanawaza maabara tu. Kazi huanza zizini kabla jua halijapanda, ng'ombe wakiwa bado hawajala. Vijana wawili wanamshika mnyama pembe na mkia. Mwanafunzi anapitisha tepu kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu, anaivuta ikae sawa bila kubana, anangoja mnyama atoe pumzi, anasoma. Kipimo hicho hubadilishwa kuwa makadirio ya uzito, kwa sababu mizani ya kupimia ng'ombe haibebeki mgongoni kupanda Muriba. Kisha anang'oa nywele za mkia pamoja na mizizi yake, maana vinasaba vimo kwenye kile kijivimbe cheupe cha chini, si kwenye unywele wenyewe. Nywele zinaingia kwenye bahasha ya karatasi, bahasha inaandikwa namba, inakaa mahali pakavu. Haihitaji barafu. Bahasha hiyo inaweza kusafiri kwa basi hadi Morogoro au Nairobi na ikasomwa bila shida.

Asubuhi moja ya namna hiyo, mzee mwenye zizi alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake akimwangalia mwanafunzi akijaza fomu: rangi, jinsia, umri, urefu wa pembe. Alivumilia, kisha akasema, "Mura, mbona hujauliza wa nani?" Mwanafunzi akadhani anazungumzia mwenye mali. Mzee akamwonyesha mtamba mwekundu kwa fimbo. Mama yake ni yule mweusi mwenye paji jeupe. Bibi yake alikuja na mahari ya dada wa mzee. Mama wa bibi alitoka kwa rafiki upande wa Kenya, mwaka wa njaa, naye alikuwa akizaa kila mwaka hata nyasi zikikauka. Akaendelea hivyo kwa ng'ombe mmoja mmoja mpaka zizi likaisha. Fomu haikuwa na mahali pa kuyaandika hayo. Nilimwomba mwanafunzi ageuze karatasi aandike nyuma.

Ninaposema kuna nafasi za utafiti, nina maana ya mambo kama hayo kwanza. Wazee wetu, na kina mama wanaokamua, wanashika kichwani koo za upande wa mama kwa vizazi kadhaa. Hiyo ndiyo taarifa ambayo nchi zenye vyama vya wafugaji huiandika vitabuni. Chama cha wafugaji wa Boran nchini Kenya kilianzishwa 1951, na ndipo ukoo wa kila dume ulipoanza kuwa na thamani ya fedha. Huku kwetu koo zipo midomoni, na kila mzee anayefariki anaondoka na kitabu chake. Mtafiti anayejua Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, anayeketi na kusikiliza, atapata kitu ambacho mgeni hawezi kukipata hata awe na fedha kiasi gani. Kisha maabara itamwambia kama kumbukumbu za wazee zinaafikiana na vinasaba. Mimi nadhani zitaafikiana kwa sehemu kubwa upande wa mama.

Upande wa baba ni habari nyingine. Mwanafunzi yule alipouliza baba wa mtamba ni nani, mzee alijibu, "Huyo kamuulize malishoni." Ng'ombe wa mazizi mengi huchanganyika mchana kutwa, na dume anayewahi ndiye anayepanda. Hapo sayansi ya leo inasaidia moja kwa moja. Ukiwa na nywele za ndama, za mama zao, na za madume yote yanayochungwa eneo lile, vinasaba vitakuonyesha baba wa kila ndama. Tutajua kama kijiji kina madume ishirini yanayofanya kazi au kama mawili ndiyo yanayozaa karibu ndama wote. Tofauti hiyo ni kubwa sana, kwa sababu madume mawili yakitawala kwa miaka mingi, baba atapanda binti zake, na ndama dhaifu wataongezeka bila mtu kujua chanzo.

Kuna jambo lingine ambalo mimi huliona kila msimu na linaniuma. Dume mchanga anayekua haraka kuliko wenzake ndiye wa kwanza kuondoka. Ama anauzwa mnadani kwa sababu anapendeza na bei yake ni nzuri, ama anahasiwa awe maksai, kwani Wakurya wamelima kwa plau tangu zama za ukoloni na maksai mwenye nguvu ni mali. Anayebaki kupanda majike ni yule ambaye hakununuliwa na hakufaa kulima. Yaani tunachagua, tena kwa bidii, lakini tunachagua kinyume. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Kila mwenye zizi anafanya uamuzi wa busara kwa shida ya siku ile. Ni kiasi gani cha uzito tumekipoteza kwa desturi hii katika miaka hamsini? Kinapimika, na mtu akikipima, wafugaji watamsikiliza kuliko watakavyosikiliza kampeni yoyote.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme katika kijiji ndama wa mwaka mmoja wana wastani wa kilo 120. Tunachagua madume yenye kilo 140, yaani 20 zaidi ya wastani, na majike tunayaacha kama yalivyo. Sehemu ya tofauti hiyo imetokana na malisho mazuri, maziwa ya mama, au bahati ya kutougua, hiyo hairithiwi. Sehemu inayorithiwa, kwa uzito wa mwili, mara nyingi ni kama theluthi moja au pungufu. Tuchukue tatu katika kumi: kilo 20 zinakuwa 6. Na kwa kuwa baba anatoa nusu tu ya urithi wa ndama, zinabaki 3. Kilo tatu kwa kizazi kimoja, na kizazi cha ng'ombe ni kama miaka mitano. Mtu anaweza kuziona ni kidogo. Lakini hazihitaji chakula cha kununua wala dawa, hazirudi nyuma zikishaingia kwenye kundi, na zinajilimbikiza. Ni hesabu hiyohiyo, ikiongezewa takwimu nzito zaidi, iliyowafikisha Waaustralia na Wamarekani hapo walipo kwa ng'ombe wa nyama.

Kwa uzazi hesabu hukataa kwenda haraka hivyo. Uwezo wa jike kushika mimba kila mwaka hurithiwa kwa kiasi kidogo sana, pengine sehemu moja katika kumi au chini ya hapo, na wafugaji wetu wanaujali kuliko kilo. Kwa hiyo mwanafunzi anayekuja na wazo kwamba lengo ni nyama tu ataandika tasnifu nzuri isiyo na mwenyewe. Lazima kwanza aulize wenye mali wanataka nini. Wengine watasema maksai wa kulima. Wengine watataka jike anayezaa kila mwaka na kuwaachia watoto maziwa kidogo. Vijana wanaofuga kwa ajili ya mnada watataka uzito. Nchini Ethiopia, kuanzia mwaka 2009, mashirika ya utafiti wa kilimo na mifugo ya ICARDA na ILRI pamoja na chuo kikuu cha BOKU cha Vienna walianza mpango wa wafugaji wenyewe wa kondoo kuchagua madume yao kwa pamoja, huko Menz, Bonga na Horro. Walianza kwa kuuliza wafugaji, wakaweka madume bora kuwa ya jumuiya, na wanafunzi kadhaa wa Kiethiopia walipata udaktari wao katika kazi hiyo. Sioni kwa nini Nyansurura au Magoto wasiweze kufanya vivyo hivyo kwa ng'ombe, ingawa ng'ombe huzaa taratibu na kazi itachukua muda mrefu zaidi.

Ugumu wetu mmoja lazima usemwe wazi, nao ni wizi wa mifugo. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher aliandika kitabu kizima kuhusu wizi huo kwa Wakurya, kilichotoka mwaka 2000. Kwa mtafiti wa koo, ng'ombe aliyeibwa ni ukurasa uliochanwa. Na hata pasipo wizi, familia hugawa mifugo kwa marafiki na wakwe ili hasara isiwe ya zizi zima. Unampima ndama mwezi wa tatu, mwezi wa tisa unaambiwa yuko kwa mjomba, ng'ambo ya mto Mara. Hereni za kielektroniki ambazo Serikali imeanza kuwavisha ng'ombe zinaweza kusaidia hapa, kwa kuwa namba humfuata mnyama popote aendako. Mtafiti akishirikiana na halmashauri, namba ileile iliyokusudiwa kumlinda ng'ombe na mwizi inaweza kubeba uzito wake, mama yake, baba yake na magonjwa aliyougua.

Magonjwa ndiyo sura ambayo ningependa kijana wa kwetu aifungue. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, inaua ndama wetu kuliko kitu kingine ninachokijua. Jirani zetu wa Busia, magharibi mwa Kenya, walifanyiwa utafiti kati ya 2007 na 2010 ambapo ndama 548 wa zebu walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi karibu kutimiza mwaka. Takribani 16 katika kila mia walikufa, na ndigana kali ndiyo iliyoongoza kwa kuua. Vinasaba vya ndama hao viliposomwa, ilionekana kwamba waliochanganyika kwa karibuni na ng'ombe wa Ulaya waliugua zaidi. Kazi hiyo ilizaa madaktari wa falsafa kadhaa, Wakenya wakiwamo. Busia na Tarime hazitofautiani sana kwa kupe wala kwa ng'ombe.

Kisha mwaka 2022 watafiti wa Edinburgh na wa ILRI Nairobi walichapisha matokeo kuhusu ukoo mmoja wa Boran. Walikuwa wameona kwamba wazao wa dume fulani hupona ndigana kali kuliko wengine, wakatafuta mpaka wakaipata alama kwenye vinasaba vyao inayofuatana na kupona huko. Ndama waliorithi alama hiyo kwa baba na kwa mama walisalimika kwa wingi zaidi. Nilipoisoma habari hiyo nililala kwa shida. Zebu wetu wamekaa na kupe kwa karne nyingi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na hawa tulionao ni uzao wa waliosalimika. Je, alama ile ya Boran wanayo? Au wanayo yao, tofauti, ambayo hakuna aliyeitazama? Anayeweza kujibu hilo kwa ng'ombe wa Tarime atakuwa amewafanyia jambo wafugaji wa bara zima.

Ugumu wa kitaalamu upo, na ni mzuri kwa mtu anayetafuta swali la uzamivu. Ramani ya kwanza kamili ya vinasaba vya ng'ombe, iliyotolewa 2009, ilitokana na jike wa aina ya Hereford wa huko Montana, Marekani, aitwaye Dominette. Vipimo vya maabara vinavyosoma maelfu ya alama kwa mkupuo vilitengenezwa zaidi kwa kufuata ng'ombe wa Ulaya. Ukivitumia kwa zebu wa Tarime, baadhi ya tofauti zake hazionekani kabisa. Mwaka 2002 Olivier Hanotte na wenzake, wakati huo wakiwa ILRI, walilinganisha ng'ombe wa asili wa makundi 50 ya Afrika na kuonyesha njia walizopitia kuingia na kuenea barani. Mwaka 2020 utafiti mwingine ulisoma vinasaba vyote vya ng'ombe 172 wa Kiafrika na kuonyesha kwamba zebu na ng'ombe wa kale wa Afrika walichanganyika sana kama miaka elfu moja iliyopita. Ng'ombe 172 kwa bara zima! Nafasi iliyobaki ni pana mno.

Wapo watakaosema dawa ni kuleta Boran, Sahiwal au mbegu za Ulaya, tumalize habari. Siwapingi moja kwa moja. Nimehimilisha majike mengi na nimeona chotara wazuri. Ninachopinga ni kuchanganya bila kujua unapoteza nini. Tanzania ina somo lake yenyewe. Huko Mpwapwa, Dodoma, ambako Wajerumani walifungua maabara ya mifugo mwaka 1905, watafiti walichanganya Red Sindhi, Sahiwal, zebu wa kwetu, Boran na damu kidogo ya Ulaya, wakapata ng'ombe wa Mpwapwa aliyetambuliwa rasmi mwaka 1958. Ni mnyama mzuri kwa nchi kame, wa maziwa na nyama. Hata hivyo hadi leo kundi lake ni dogo, kwa sababu kutengeneza aina mpya ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kuwa na wafugaji wengi wanaomtunza, wanaoandika, na wanaobadilishana madume. Kazi hiyo ya pili ina watafiti wachache mno.

Sasa njia. Mwenye shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama au udaktari wa mifugo atahitaji uzamili kwanza, na ningemshauri achague somo lenye takwimu nyingi. Uboreshaji wa mifugo leo ni takwimu kwa sehemu kubwa. Asiyeweza kutumia programu ya R atateseka. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho nyumbani kwa fani hii Tanzania, na uzamivu wake wa utafiti huchukua miaka mitatu ukiwa wa muda wote, ingawa ng'ombe hawajui kalenda ya chuo. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inapokea wanafunzi wa uzamivu wa sayansi za viumbe na ina maabara nzuri. Jirani kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, Egerton cha Njoro, na Makerere, ambako ng'ombe wa Ankole wamechunguzwa kwa muda mrefu. ILRI yenyewe haitoi shahada. Inampokea mwanafunzi aliyesajiliwa chuo kikuu, ikampa msimamizi, maabara na mara nyingine posho. RUFORUM, yenye makao Kampala, inaunganisha vyuo vya kilimo vya Afrika na ina mipango ya ufadhili. Shirika la Ujerumani la DAAD linasomesha Waafrika ndani ya Afrika, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola umewapeleka wengi Uingereza.

Kwa wanaotazama Ulaya: Wageningen ya Uholanzi, chuo kikuu cha kilimo cha Uppsala, Sweden, na kile cha Ås, Norway, ambacho kina ushirikiano wa miaka mingi na Sokoine, vyote vina majina makubwa katika uboreshaji wa wanyama. Sweden na Norway mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa mwenye mshahara, kwa hiyo nafasi hutangazwa kama kazi na huombwa kama kazi. Australia kuna Chuo Kikuu cha New England, Armidale, ambako mfumo wao wa kukadiria ubora wa ng'ombe wa nyama ulitengenezwa. Hakuna chuo cha kweli kitakachomtaka kijana amlipe wakala ili apate msimamizi. Barua ya ukurasa mmoja kwa profesa, yenye swali lililo wazi na maelezo ya ng'ombe unaowafahamu, inafanya kazi kuliko wakala yeyote.

Napendekeza kwa moyo wote mpango wa kukaa kidogo nje na muda mrefu nyumbani: miezi kadhaa maabara ya ugenini kujifunza uchambuzi, miaka zizini kukusanya vipimo. Atakayekaa miaka minne Ulaya akichambua ng'ombe wa Ulaya atarudi na shahada halali, lakini zizi la Nyamwaga litakuwa palepale. Na sasa kuna sababu moja zaidi ya kurudi. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kiko Butiama, mkoani mwetu. Kitahitaji wahadhiri wa mifugo, na ningefurahi kuona mmoja wao akifundisha kwa mifano ya ng'ombe wa Tarime. Rorya, huko Gabimori, kuna kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo. Vijana wake wa stashahada wanaweza kuwa wapimaji hodari wa mradi wowote. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, kiko Mabuki, mkoani Mwanza.

Vibali navyo visidharauliwe. Utafiti huombewa kibali Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, mkoa na wilaya hupewa taarifa, na kijiji kinajulishwa kabla ya mtu kugusa mkia wa ng'ombe. Sampuli zikitoka nje ya nchi lazima kuwe na makubaliano ya maandishi kuhusu nani anamiliki matokeo. Siku alama ya kupona ndigana kali itakapoonekana kwa ng'ombe wa Serengeti, nataka karatasi ziwepo zinazosema imetoka kwa nani.

Na mtafiti arudi na majibu. Nimeona wanaokuja kupima na hawaonekani tena. Wafugaji huwakumbuka, na mwanafunzi anayefuata hufungiwa zizi bila kosa lake. Anayerudi, asimame kwenye mkutano wa kijiji, azungumze Kiswahili cha kawaida, akiwa na orodha ya madume ya kijiji mkononi. Hawatamuuliza alichapisha wapi. Kina mama watamuuliza mtamba yupi asiuzwe. Wazee watamuuliza kati ya madume wale watatu ahasiwe nani. Awe tayari kutaja jina la dume, na kueleza mbele ya mwenye dume huyo ni vipimo gani vilivyomfanya amtaje.